Vigumba Arubaini na Kimoja

Jumapili, 11 Juni

Daftari hili kanipa Wiam, binti wa kutoka mji wa Samail, anayefanya kazi ofisi ya mambo ya kale. Kasema, "Bibi, andika kila unachokumbuka juu ya mawe ya Babu. Kidogo kidogo, na tarehe uweke." Nikamwambia mimi nimesoma Unguja mpaka darasa la nne, na mwandiko wangu hao wa chuo kikuu hawaupati. Manar, mjukuu wangu, ana miaka kumi na tisa na mwandiko wake kama kuku kakanyaga wino. Basi naandika mwenyewe.

Mawe yenyewe ni vigumba, vichwa vya mishale, walivyochonga watu wa zamani kabla ya kujua chuma. Marehemu mume wangu, Musallam, kaviokota miaka arubaini na zaidi katika kilima kilicho juu ya falaji yetu, mfereji wa maji ya mitende, hapa Bidiya, Uarabuni. Vimo arubaini na kimoja ndani ya bati la biskuti. Nilikuwa nikimwambia, wanaume wenzio wanatoka asubuhi wanarudi na samaki, wewe unarudi na kokoto. Sasa kokoto hizo ndizo tunazozitazamia.

Maana ipo kampuni inakitaka kilima. Wanataka kukisaga, kiwe kifusi cha barabara. Na kisima mama cha falaji, kile kirefu cha mwanzo yanakotoka maji, kiko chini ya kilima hicho hicho. Wakipiga baruti maji yatakatika, na maji yakikatika mitende imekwisha, yangu na ya kila mtu hapa. Aflah, mwanangu, kaandika barua tatu serikalini. Wamemjibu kwamba madhara ya maji hayajathibitika. Limebaki jambo moja: kilima kikithibitika kuwa ni mahali pa watu wa kale, sheria hairuhusu kukigusa.

Ndiyo sababu Wiam kaja, na mimi nilijitayarisha. Bati lilikuwa aibu. Kila jiwe Marehemu kalizungushia kikaratasi, ganda la sigara, kipande cha kalenda, bahasha kuukuu, vyote vimeingia mafuta na mchanga. Sikuweza kumfungulia mgeni takataka. Nikavivua vyote, nikavisugua vigumba kwa majivu na ndimu mpaka vikang'aa, nikavipaka mafuta ya nazi kidogo, nikavipanga juu ya kitambaa cha mahameli kilichotandikiwa halua siku ya harusi ya Aflah. Vikaratasi nikavitia motoni. Nikafukiza udi. Mgeni akiingia kwangu ajue kaingia nyumba ya watu.

Wiam akavitazama kitambo. "Bibi, vimeoshwa?"

"Ulitaka nikuoneshe vichafu?"

Akatoa kalamu mkobani. Binti ana adabu, bibi yake Mpemba. Kisha akauliza, "Babu hakuandika popote? Kipi kaokota wapi?"

Nikamwambia karatasi hakuna. Na kweli hakuna.

"Na vyote vimetoka kilimani?"

"Vyote. Mume wangu hakuwa mtu wa kununua mawe sokoni."

Akayaandika maneno yangu kwenye karatasi ya kiofisi, nikatia saini. Alitoa kidau cha wino wa dole gumba, nikamwambia akirudishe mkobani.

Falaji leo vidole vinne juu ya ngazi ya pili, pale ninapotawadha.


Jumatatu, 12 Juni

Joto. Hakuna la kuandika.


Alhamisi, 15 Juni

Nimemwona Marzouq ndani ya gari ya kampuni, anakunywa chai yao.

Marzouq ni msimamizi wa falaji. Ndiye anayegawa zamu za maji na kutambaa mle mferejini kuondoa matope. Mtu wa hapa hapa, hajapata kuvuka bahari, Kiswahili hajui. Tunasema Kiarabu, na mimi hapa nayageuza maneno yake. Ananiita Umm Aflah, mama wa Aflah, na anainamisha kichwa akinipita. Miaka ishirini namgombeza: maji yamechelewa, maji yana majani, jembe kaliacha njiani kwangu. Leo sikumgombeza. Alinisalimu, nikaitazama chai mkononi mwake, nikaenda zangu. Mtu akishakula chao, ni wao.

Nimemwonya Manar asimwambie Marzouq neno lolote juu ya vigumba wala juu ya Wiam.

"Kwani yeye atafanya nini na mawe hii, Bibi?"

"Mawe haya," nikamwambia. "Na wewe funga mdomo."


Jumanne, 20 Juni

Wiam kapiga simu. Kachukua vigumba kavipima kimoja kimoja, urefu, upana, uzito, kavitazama kwa kioo cha kukuzia. Vingi vina pande tatu, vyembamba, kama mtu kachonga kokwa ya tende. Anasema hivyo ndivyo vya watu wa nchi hii, miaka elfu sita saba nyuma, na vimelainika kwa kusuguliwa na mchanga wa upepo. Sauti yake ina furaha. Nilimwambia Aflah, baba yako alikuwa na akili kuliko hao mainjinia wako. Kacheka. Mwanangu hajacheka tangu msiba.

Vidole vinne.


Jumatano, 28 Juni

Idi. Watu wamekula, wamelala. Nyama ilikosa chumvi, na aliyeipika namjua, nitamwambia.


Jumanne, 4 Julai

Tumeanza tende za mabsali, zile zinazokatwa zikiwa njano, zikachemshwa, zikaanikwa. Masufuria makubwa ya shaba yako motoni tangu alfajiri, moshi wote uso wangu. Siku hizi watu wanaajiri wafanyakazi, wao wanakaa ndani chini ya kipoza hewa. Mimi nasimama hapa hapa, nani atajua kama zimeiva, huyo Manar? Manar kachota tende na kijiko cha chai.

Saa nne kampuni wamepiga baruti ya kujaribu. Moja tu. Maji ndani ya sufuria yakatetemeka, mitendeni ndege wote wakanyamaza. Adhuhuri falaji ikaja nyekundu kama chai.

Jioni vidole vitatu.


Jumapili, 9 Julai

Wiam kaniuliza kwa simu juu ya kigumba kimoja. Namba thelathini na tatu anakiita. Nikamwambia mimi sikuvipa namba. Akakieleza: kirefu, chembamba, chekundu, kina meno pande zote mbili kama msumeno, na yale ya chini yamejitokeza kama miiba ya samaki. Nakijua. Ndicho kizuri kuliko vyote, nilikiweka katikati ya mahameli. Nikamwambia hicho ndicho uwaoneshe wakubwa.

Akasema, "Bibi, una hakika hiki nacho kimetoka kilimani?"

"Nimetia saini," nikamwambia.


Jumatano, 12 Julai

Upepo wa moto. Tende mkekani zimejaa mchanga, tumezipeta mara mbili. Vidole vitatu, kwa taabu.


Jumamosi, 15 Julai

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Wiam alikuja na Aflah, pamoja, na walipovua viatu mlangoni nikajua. Wiam hakukaa kwenye mto niliomwekea, alikaa chini. "Shikamoo Bibi." Nikasema marahaba, kunywa kahawa kwanza. Hakunywa.

Akaitoa picha. Kigumba kimewekwa juu ya karatasi nyeupe, na pembeni picha ya vingine vinne, meno yale yale, miiba ile ile, utasema fundi mmoja.

"Hivi vinne viko wapi?" nikauliza.

"Marekani, Bibi. Jangwa la Arizona. Waliovichonga wanaitwa Wahohokamu, wamekaa huko miaka elfu moja nyuma. Nimempelekea picha mtaalamu wa kule. Kasema hana shaka. Mfano wa hivi Uarabuni haupo."

Aflah kasimama dirishani. "Arizona, Mama. Mshale wa Arizona unafanya nini Bidiya? Ulikuja kwa miguu?"

"Pengine walikuja watu," nikasema. Nilijua ninalosema ni upuuzi.

Wiam akanieleza taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Kile kimoja peke yake si tatizo. Tatizo ni karatasi niliyotia saini, kwamba vyote arubaini na kimoja vimetoka kilimani. Kampuni ina wakili, na wakili kasoma ripoti. Kasema: kama kimoja kimetoka Marekani, nani atasema hivi vingine havikutoka Yemeni, au Jaalan, au dukani Matrah? Vimeoshwa, havina hata punje ya mchanga wa mahali vilipotoka. Havina maandishi. Yapo maneno ya ajuza tu, na maneno yenyewe yameshakuwa si kweli.

Ajuza hakusema Wiam, kasema wakili. Wiam kanisomea kwa sababu nilimlazimisha asome yote.

Na mimi nilikuwa nimeshakumbuka, kabla hajamaliza kusema Arizona. Mwaka wa sabini na sita Marehemu alikuwa dereva wa watu wa mafuta, akimwendesha Mmarekani mmoja mrefu, uso umeiva kwa jua. Alikula kwangu mara mbili, akatia mkono wa kushoto kwenye biriani, nikamgeuzia sahani. Huyo ndiye aliyemfundisha Marehemu kutazama chini. Siku anaondoka kwao alimpa kitu ndani ya bahasha ya bluu yenye mistari ya pembeni, ile ya barua za ndege. Na bahasha ile ya bluu mimi nimeiona mwezi uliopita ndani ya bati, imefungiwa kigumba, ina mwandiko wa Marehemu juu yake. Sikuusoma. Nilikuwa na haraka, udi ulikuwa unaungua. Nikaitia motoni pamoja na zile arubaini, nazo nilikwisha ona kaziandika siku na hatua kutoka kisimani.

Aflah akasema, "Baba katudanganya. Miaka yote kilima, kilima. Kumbe akipewa na Wazungu, anakuja kutupigia hadithi."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Mtoto wangu anamwita baba yake mwongo mbele ya mgeni, na mimi mkononi nina kikombe, nakitazama kikombe. Nikasema, "Kahawa yenu imepoa." Ndilo nililosema.

Vidole sikupima.


Jumapili, 16 Julai

Hakuna.


Alhamisi, 20 Julai

Barua ya ofisi imekuja. Aflah kaisoma mlangoni bila kuingia. Mkusanyo wa vigumba haukubaliwi kuwa ushahidi. Kibali cha kampuni kitaamuliwa mwisho wa Agosti.

Alikwenda kuwaambia watu barazani. Manar alikuwa anapita nje na kapu, kayasikia na kaniletea yote, hana hata haya ya kupunguza. Baba yake, Aflah, kasimama mbele ya wanaume wa kijiji akasema, "Nisameheni, nilikutieni tamaa kwa mambo ya baba yangu, na baba yangu alikuwa mtu wa kupenda hadithi." Aliyesema ni Marzouq peke yake. Kasema, "Musallam nilimwona kwa macho yangu akiokota. Usimseme hivyo aliyelala kaburini."

Marzouq. Mnywa chai ya kampuni.

Vidole viwili na nusu.


Jumatatu, 24 Julai

Tende zimekwisha chemshwa. Rangi mbaya mwaka huu, zimekunjamana kama mikono yangu. Nilimgombeza kila mtu aliyekuwa karibu na masufuria na hakuna aliyenijibu. Wakinijibu huwa nafuu.


Jumanne, 1 Agosti

Nimemwambia.

Nilimpigia Aflah aje Bidiya kutoka Ibra, kazini kwake. Akadhani ninaumwa, akaja mbio. Nikamkalisha, nikamwambia, "Baba yako hakudanganya. Kila kigumba kilikuwa na karatasi yake, siku gani, hatua ngapi kutoka kisimani. Cha Mmarekani kilikuwa na yake. Nilizichoma mimi. Nilimwogopa mgeni asione uchafu."

Akaziweka funguo za gari chini.

"Na siku ile nilipomwita mwongo, Mama, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na nilipokwenda barazani?"

"Najua."

Nilitaka anifokee. Mimi ningefoka mpaka majirani watoke. Yeye kainuka, kabusu kichwa changu kama anavyobusu kila siku, akasema ana kazi, akaondoka. Gari yake ilikaa pale nje na injini inanguruma, haendi. Baadaye ikaenda.

Marehemu naye nina lake la kumwambia. Miaka arubaini na tano umelala na mimi nyumba moja, hukuweza kusema siku moja tu, mke wangu, vikaratasi hivi ndiyo maana ya mawe? Ulidhani nitacheka. Ningecheka, ni kweli.

Vidole viwili.


Alhamisi, 3 Agosti

Nimempigia Wiam, nikamwambia na yeye. Akasema, "Ahsante kwa kuniambia, Bibi." Afadhali angenitukana.

Kasema maneno yangu hayawezi tena kusaidia, hata haya ya kweli. Lakini lipo dogo moja. Kikipatikana kigumba kimoja tu kilimani, pale pale kilipolala, hakijaguswa, hakijageuzwa, na akakiona kwa macho yake mkaguzi wa ofisi, hapo wanalazimika kusimamisha kibali na kuchunguza kilima kizima.

"Manar atakipiga picha."

"Picha haitoshi, Bibi. Picha kutoka kwetu hawaiamini tena. Lazima mkaguzi akione chini. Na Bibi, tafadhali. Ukikiona usikishike. Usikipangusie hata mchanga."

Nikamwambia nimesikia. Alirudia mara mbili. Stahiki yangu.


Jumamosi, 5 Agosti

Nimepanda kilima. Miaka sabini na mitano, magoti haya, na fimbo ya Marehemu. Manar nyuma na chupa ya maji na mwavuli, analalamika. Tulianza baada ya alfajiri, saa mbili jua likatushusha. Hakuna kitu.


Jumapili, 6 Agosti

Hakuna.


Jumanne, 8 Agosti

Hakuna. Mawe, mawe, kinyesi cha mbuzi, ganda la risasi la wawindaji. Leo nimefahamu sababu. Marehemu kakichambua kilima hiki kama mtu anayechambua mchele. Miaka arubaini kaondoa kimoja kimoja, mpaka hakuna cha kumshuhudia. Mimi nimechoma karatasi na yeye kafagia kilima. Tumefaana.


Alhamisi, 10 Agosti

Nimeanguka. Kidogo tu, kiganja kimechubuka. Marzouq alituona kutoka chini akapanda mbio. "Umm Aflah, unatafuta nini huku juani? Niambie nikutafutie." Nikamwambia natembeza miguu. Alimtazama Manar, na Manar, nilimwona, alimwambia kwa Kiarabu chake, "Bibi anataka mawe ya Babu." Basi. Hakusema zaidi. Nilimfinya hata hivyo.

Kidole kimoja na nusu. Zamu za maji zimepunguzwa. Bustani ya jirani mitende imeanza kuinamisha makuti ya chini.


Jumanne, 15 Agosti

Kipo.

Upande wa jua linapozama, chini ya mwamba uliopasuka, mahali ambapo mtu mwenye miguu yake hawezi kupaona kwa sababu anapita juu. Mimi nilikuwa nimekaa chini nimechoka, nimeegemea, na kikawa mbele ya kidole changu cha mguu. Pande tatu. Chembamba. Nusu kiko ndani ya udongo, nusu nje, kimekaa hivyo tangu aliyekirusha kakosa mnyama wake.

Mkono ukaenda wenyewe. Wallahi ulikuwa umeshafika, kidole na kidole. Nikaushika kwa mkono wa pili.

Nikamwita Manar. "Ukikishika nitakukata." Tukakusanya mawe manne meupe, tukakizungushia, mbali kwa shibri, bila hata kukipulizia. Manar akapiga picha. Nikahesabu hatua mpaka kisima mama, mia moja na tisini na mbili za kwangu, maana za kwangu ni fupi. Kisha nikakaa tena pale pale na nikalia, na Manar hajapata kuniona nalia, akasimama na mwavuli kama mlinzi.


Jumatano, 16 Agosti

Wiam kapata siku ya mkaguzi. Alhamisi ijayo, tarehe ishirini na nne, asubuhi. Aflah kapiga simu mwenyewe, mara ya kwanza tangu siku ile. Kasema, "Mama, umekiacha?" Nimekiacha, nikamwambia. "Umekiacha kweli?" Nikasema mimi si mtoto. Tukacheka kidogo, kila mtu kwa upande wake.

Tumekubaliana tusimwambie mtu. Kampuni wakisikia watapitisha tingatinga.


Jumamosi, 19 Agosti

Nimepanda kukitazama. Kipo.


Jumatatu, 21 Agosti

Kipo. Magoti yamevimba. Wiam kaniambia nisipande tena, nyayo zangu zitaharibu pale. Nimetii. Siku hizi nimekuwa mtu wa kutii.

Kidole kimoja.


Jumatano, 23 Agosti

Baada ya Alasiri nilikuwa uani nachambua tende za kuweka, nikasikia hodi. Marzouq. Kavaa kanzu safi, si ile ya matope, kilemba kakifunga upya. Sikumkaribisha kiti. Alikaa kwenye ngazi.

Akasema, "Umm Aflah, najua hunipendi tangu siku ile ya gari. Nilikuwa nawaomba barabara yao isipite juu ya kisima mama. Siku tatu nimewabembeleza. Wakanipa chai, wakaniambia watafikiri."

Nikaendelea kuchambua.

"Leo nilipanda kukagua kisima. Nikaona mawe manne umeyapanga, na katikati jiwe la Musallam. Nikafahamu. Umelipata, magoti hayakukuruhusu kuinama, ukaliwekea alama urudi. Nikasema, mama wa watu apande tena na joto hili, na sisi tupo?"

Akatoa leso mfukoni. Nyeupe, imepigwa pasi. Akaifungua kona moja baada ya nyingine.

Kilikuwa kinang'aa.

"Kilikuwa na udongo mgumu," akasema. "Nimekiosha kwenye falaji. Nimekisugua kwa mchanga mpaka kikatoka."

Nimeishi miaka mingi na ulimi wangu, na siku zote ulikuwa wa kwanza kufika. Leo nilimtazama yule mtu, ndevu zimeingia mvi nisione lini, vidole vimepasuka kwa matope ya maji ninayotawadhia, ananitazama kama mtoto anayeleta cheti. Na leso kaipiga pasi. Hana mke tangu mwaka juzi, kaipiga mwenyewe.

Nikakipokea kwa mikono miwili. Nikasema, "Mungu akulipe, Marzouq. Umenipumzisha." Nikamletea kiti. Nikamtilia kahawa, nikamchagulia tende zile ambazo hazikukunjamana. Akanywa vikombe vitatu, akatikisa kikombe kwamba katosheka, akaenda zake kafurahi.

Manar alikuwa mlangoni, kaziba mdomo kwa mkono. "Bibi, mwambie. Lazima ajue."

"Ajue ili iwe nini?" nikamwambia. "Nenda kamnunulie bibi yako dawa ya magoti."


Alhamisi, 24 Agosti

Mkaguzi ni kijana mpole, kaja na miwani na daftari. Wiam nilimwambia asubuhi mlangoni, kwa Kiswahili, upesi. Kashika ukuta. Akauliza kama tukirudishe pale pale. Kauliza kwa sauti ndogo, akaona haya mwenyewe kabla sijamjibu.

Tulipanda, na Aflah pamoja nasi. Marzouq naye kapanda, kabeba birika la kahawa la mgeni, hakuna aliyemwambia. Mawe manne yapo, katikati shimo dogo la kidole. Mkaguzi akapiga magoti, akatazama, akazunguka mwamba, akatazama saa nzima. Hakuna kingine.

"Kilikuwa wapi, mama?"

Marzouq alikuwa nyuma yangu, namsikia anapanga vikombe. Neno langu lilikuwa limeshaharibika ofisini kwao, halikuwa na pa kuharibika zaidi. La kwake lilikuwa bado zima.

"Nilikosea," nikamwambia mkaguzi kwa Kiarabu, kwa sauti, asikie kila mtu. "Macho ya kizee. Niliona kokoto nikadhani kigumba."

Akaandika. Aflah alinitazama, kisha akamtazama Marzouq na birika lake, kisha akaja akanishika mkono tuteremke. Hakuuachia mpaka chini.


Alhamisi, 31 Agosti

Kibali kimetoka.


Jumatano, 13 Septemba

Baruti saa nne na saa nane. Vumbi jeupe juu ya mitende, juu ya nguo kambani, ndani ya sukari. Nimeacha kufuta meza.


Jumapili, 24 Septemba

Ngazi ya pili kavu. Marzouq yumo ndani ya mfereji tangu asubuhi na jembe, anaondoa matope ambayo hakuna maji ya kuyasukuma. Nimempelekea chakula mwenyewe. Nikamwambia jembe lake kaliacha njiani kwangu. Akaomba radhi, akaliondoa.

Wiam karudisha bati. Vigumba arubaini na kimoja, kila kimoja kina namba yake ya ofisi. Na hiki cha arubaini na mbili ninacho mimi.

Ukurasa unaofuata nimeuchana nusu, ndiyo maana daftari lina pengo. Nimekizungushia kigumba, kama alivyokuwa akizungushia Marehemu, na juu yake nimeandika kwa mwandiko wangu wa darasa la nne:

Kilima cha falaji, upande wa jua kuzama, chini ya mwamba uliopasuka. Hatua 192 za mwanamke kutoka kisimani. Nimekiona mimi, 15 Agosti. Kakileta Marzouq, 23 Agosti. Kimeoshwa.